Uzi wa Msichana wa Marekani na Majeraha Yetu



Safari hii sitaanza na mishahara. Nitaanza na uzi. Najua wako watakaosema kwamba katibu amechoka, ameacha mambo ya chama anatuandikia habari za watoto wa shule wa Marekani. Nawaomba subira mpaka mwisho wa ukurasa, kwani habari hii inawahusu akina mama wanaochuma chai, inawahusu wakata miwa, tena inamhusu kila mmoja aliyewahi kushonwa mwilini akarudishwa kazini kabla hajapona.

Mwezi wa Machi mwaka 2021 yalimalizika mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari huko Marekani. Ni mashindano ya zamani, yalianza mwaka 1942, na siku hizi gharama zake hulipwa na kampuni ya madawa iitwayo Regeneron. Mwaka ule waliopeleka kazi zao walikuwa zaidi ya 1,700, na waliofika mwisho walikuwa 40 tu. Miongoni mwa hao 40 alikuwamo msichana mweusi wa miaka 17, Dasia Taylor, wa shule ya West katika mji wa Iowa City. Mji huo uko katika jimbo la Iowa, jimbo linalojulikana kwa mahindi na nguruwe. Kazi aliyoipeleka ilikuwa uzi wa kushonea majeraha, uzi ambao hubadilika rangi jeraha likiingiwa na vijidudu.

Zawadi ya kwanza ya dola 250,000 hakuipata, ilikwenda kwa mwingine. Alipata ile inayoitwa kwa jina la Seaborg, mwanakemia mashuhuri wa huko, na hiyo ndiyo iliyonipendeza mimi, kwa sababu haigawiwi na waamuzi. Wale vijana 40 humchagua wao kwa wao mmoja wao awe msemaji wao. Sisi watu wa chama tunajua uzito wa kura ya namna hiyo.

Sasa uzi wenyewe unafanyaje kazi? Nitaeleza kama nilivyoelewa mimi mtu wa darasa la saba, na mwenye elimu zaidi atanisamehe. Mama akipika mchuzi wa manjano ukamdondokea kwenye khanga, doa lake huwa la njano. Lakini akilifua kwa sabuni ya mche, doa hugeuka jekundu papo hapo. Sabuni haikuleta rangi mpya. Manjano ina tabia ya kugeuka ikikutana na vitu vya jamii ya magadi, na sabuni ni ya jamii hiyo. Ziko rangi nyingi za mimea zenye tabia kama hii, nyingine hugeuka mapema, nyingine huchelewa.

Wataalamu wana kipimo chao cha jambo hili, ambacho huanzia 0 mpaka 14. Ndimu iko chini, maji safi yako kwenye 7, magadi yako juu. Ngozi ya mtu mwenye afya iko kwenye 5 hivi, maana yake ina uchachu kidogo. Jeraha likiharibika kipimo hupanda, na huweza kufika 9. Basi msichana yule akatafuta rangi ya asili itakayotulia kwenye 5 na kugeuka kwenye 9. Akaipata katika bitiruti, kile kiazi chekundu kama damu kinachouzwa sokoni karibu na karoti. Maji yake ni mekundu ya kung'aa, na yakifikishwa kwenye 9 hugeuka zambarau iliyokoza.

Wenzangu wa viwanda vya nguo wataniuliza swali la pili kabla sijalifikia: rangi hiyo ilishika kwenye uzi gani? Ndilo swali lenyewe, na ninyi mnalijua kuliko mimi, maana mmepaka rangi majora kwa majora mkaona pamba ikikubali na nyingine ikikataa. Alijaribu nyuzi za namna kumi hivi. Uliofaa ulikuwa uzi wa pamba iliyochanganywa na poliesta. Katika maabara ya shule, uzi huo ulipotiwa katika maji yenye kipimo cha jeraha lililoharibika, uligeuka rangi kwa muda wa dakika tano. Hapakuhitajika betri wala mashine ya kusoma majibu, lilitosha jicho la mtu.

Kwa nini aliingia kwenye kazi hii? Alikuwa amesoma habari za nyuzi nyingine zilizobuniwa na wakubwa wa vyuo vikuu. Nyuzi hizo hupitisha umeme, hupima hali ya jeraha na kupeleka habari kwenye kompyuta au kwenye simu kubwa ya kisasa. Ni kazi ya akili nyingi, siidharau. Lakini yeye alijiuliza: mama wa nchi maskini, ambaye ndiye majeraha yake huharibika zaidi, atazipata wapi hizo nyuzi, na hiyo simu ataitoa wapi? Hapo ndipo alipoanza kutafuta kitu cha bei ya bitiruti. Kabla ya kuingia katika sayansi, msichana huyu alikuwa akishughulika na mambo ya haki na usawa wa watu weusi mjini kwao. Ndiyo maana mimi nasema swali lake lilitoka kwenye mikutano kabla ya kufika maabara. Mtu asiyezoea kuuliza nani atafaidika na nani ataachwa, hata awe na maabara ya dhahabu, swali hilo halimjii.

Tena swali lake lina msingi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba katika Afrika, kati ya wanawake 100 wanaojifungua kwa upasuaji, hadi 20 majeraha yao huingiwa na vijidudu. Mmoja kati ya watano. Nenda kwenye mstari wa wachumaji asubuhi, hesabu waliozaa kwa kisu, kisha uchukue wa tano wake, ndipo utaona tunazungumzia watu wangapi.

Liko na jambo la ngozi. Mafundisho ya tangu zamani yanasema jeraha linaloharibika huwa jekundu pembeni. Kwenye ngozi nyeupe wekundu huonekana hata na mtoto. Kwenye ngozi yetu hauonekani upesi. Kwetu dalili inayotangulia mara nyingi ni uvimbe, joto au maumivu, na mchumaji amezoea maumivu hata hayatilii maanani. Mwisho huja harufu, na harufu ikija mambo yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo uzi unaosema kwa rangi yake wenyewe, bila kutegemea rangi ya ngozi ya mtu, ni jambo la maana kwetu zaidi kuliko kwa watu wa Iowa.

Hapa naomba nitie breki, kwa maana nawajua watu wetu. Uzi huu haujawa dawa. Ulijaribiwa maabarani na mwanafunzi, na kutoka hapo mpaka kwenye tumbo la mtu ni safari ndefu ya majaribio na vibali. Waganga pia wanajua kwamba nyuzi za kusokotwa huwapa vijidudu mahali pa kujificha, kuliko uzi laini wa unywele mmoja, na pamba ni ya kusokotwa. Isitoshe, jeraha la upasuaji huweza kuharibikia ndani, kwenye tabaka lisiloonekana, wakati ngozi ya juu ni nzima. Kwa hiyo asitokee mtu sokoni akawauzia uzi mwekundu. Wala mama asipake maji ya bitiruti kwenye kidonda. Bitiruti ni ya kula.

Sasa nifike kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa tawi katika shamba moja la chai hapa Uganda, shamba nisilotaka kulitaja. Alikuwako mama mmoja mchumaji, kibarua wa siku nyingi, aliyejifungua kwa upasuaji. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye daftari la vibarua, malipo yalisimama siku aliyolala hospitalini. Wiki ya nne alinijia nyumbani, mtoto mgongoni, akaniomba nimsaidie arudi kazini kwa sababu nafasi yake ilikuwa inapewa mtu mwingine. Nilikwenda ofisini nikapigania. Nilizungumza kwa ukali, nikagonga meza, na nilipotoka nilikuwa na karatasi yenye sahihi ya meneja na sahihi yangu. Nilitembea kifua mbele. Wenzangu walinipongeza.

Siku ya tatu jeraha lilifumuka. Wachumaji mnajua asubuhi ya shamba ilivyo: umande unalowesha aproni ya plastiki mpaka ndani, mkanda wa kikapu unavuta kutoka kwenye kichwa na mabega, na kila unapoinama ni tumbo linalojikunja. Aliyegundua alikuwa mwenzake wa mstari wa pili, kwa harufu. Chini ya bendeji palikuwa na usaha wa siku nyingi. Mwenyewe alisema alikuwa akisikia joto tangu wiki ya pili, lakini kituo cha afya kilikuwa mbali na hakuna aliyemwambia arudi kutazamwa. Aliishi, namshukuru Mungu, ila alilala hospitalini mwezi mzima, na aliporudi nafasi yake haikuwapo. Nilichopigania mimi ilikuwa ni haki ya kwenda kuumia. Sikumwuliza hata mara moja kama jeraha limepona. Niliona aibu mimi mwanamume kuuliza habari za tumbo la mwanamke. Jambo hili sijaliandika mahali po pote kabla ya leo.

Niliposoma habari za uzi wa Iowa nilimfikiri mama yule kwanza. Nikajiuliza: kama angalikuwa ameshonwa kwa uzi wa bitiruti, ukageuka zambarau wiki ile ya pili, nani angaliuona? Ulikuwa chini ya bendeji, chini ya nguo, chini ya aproni. Hakuna aliyefungua bendeji ile kwa siku 15. Uzi ungesema peke yake gizani.

Hapo ndipo maoni yangu yanaposimama. Uvumbuzi wa msichana yule ni mzuri, na naomba Mungu uendelee ufike hospitali zetu. Lakini unahitaji mtu wa kutazama, na mtu huyo anahitaji muda, na muda katika shamba au kiwanda ni mali ya mwajiri mpaka uandikwe kwenye mkataba kwamba ni wetu. Nawajua waajiri. Wanapenda sana kitu kinachonunuliwa mara moja. Waambie habari ya uzi wa ajabu, watapiga picha nao, watautangaza kwenye ripoti ya mwaka, kisha watapunguza nesi. Tumeona glavu zikiletwa siku ya ukaguzi. Tumeona sanduku la huduma ya kwanza likiwekwa ukutani na kufuli juu, ufunguo kwa nyapara aliyekwenda matanga.

Tazameni sheria inavyosema, maana wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama mzazi siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na katika hizo, wiki nne angalau lazima ziwe baada ya kujifungua. Baba naye anapewa siku nne za kazi. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asifanywe kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akipita hapo anastahili mkataba wa maandishi pamoja na haki zake. Mama yule wa chai alikuwa kibarua kwa miaka. Maana yake haki ilikuwapo tangu mwanzo, na mimi katibu, badala ya kuidai, nilikwenda kuomba nafasi yake ya kibarua.

Waganga wanahesabu siku 30 tangu upasuaji kama muda ambao jeraha hutazamiwa sana lisiharibike. Linganisheni na zile wiki nne, ambazo ni siku 28. Mama anayerudishwa baada ya wiki nne tu anarudi shambani muda huo wenyewe haujaisha, na hajui kama yuko salama.

Wanaume msikae kando mkidhani hii ni hoja ya akina mama. Mkata miwa aliyekatwa na panga mguuni na kushonwa, fundi wa kinu aliyeshonwa vidole, wote wana uzi mwilini na wote hurudishwa kazini wakiwa na bendeji chafu. Kwenye kiwanda cha nguo vumbi la pamba linaingia kila mahali, na katika kinu cha sukari jasho halikauki. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini, nayo ni sheria nzuri, lakini fidia hulipwa baada ya kidole kupotea. Tunachotaka ni kidole kibaki.

Katika mkataba wa pamoja unaokuja, mimi napendekeza tuweke kifungu kifupi sana, hata meneja asipate nafasi ya kupotea ndani yake. Mfanyakazi ye yote aliyeshonwa, awe wa kudumu au kibarua, awe aliumia kazini au alijifungua, apewe siku za kwenda kutazamwa jeraha, kwa malipo, na usafiri juu ya mwajiri pale ambapo zahanati iko mbali. Asirudi kwenye kikapu, panga wala mashine mpaka nesi aandike kwamba limefunga. Akirudi, aanze na kazi nyepesi kwa muda nesi atakaoutaja. Watasema ni gharama. Tuwaulize gharama ya mwezi mzima wa kitanda cha hospitali waliilipa nani, kwani kwa yule mama hawakuilipa wao. Ilitoka kwa ndugu zake, waliouza mbuzi.

Bado neno moja juu ya shule. Kila mmoja wa wale vijana 40 alipata dola 25,000 kwa uchache, na Dasia alikuwa na mwalimu wa kemia aliyemfungulia maabara na kumwongoza tangu mwaka 2019. Nimezunguka shule nyingi za watoto wa mashambani. Nimeona mahali ambapo chumba cha maabara ni stoo ya mahindi ya walimu. Watoto wetu wanajua manjano inavyogeuka kwenye sabuni, wameiona tangu wadogo wakifua nguo kisimani. Hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni kemia, wala kwamba mtoto mwenzao aliifuata njia hiyo hiyo mpaka akaitwa mbele ya taifa lake. Pale ambapo shamba ndilo lenye shule, jambo la maabara liingie nalo kwenye meza ya majadiliano. Sitalipanua leo, nafasi imekwisha, lakini nitalirudia.

Kwa sasa nina kazi ndogo kwa makatibu wa matawi. Kabla ya kikao chetu cha maandalizi, kila tawi lifungue daftari. Andikeni ni wafanyakazi wangapi walishonwa katika miezi 12 iliyopita, kwa kujifungua au kwa kuumia, ni wangapi walirudi kazini kabla ya siku 30, na wangapi majeraha yao yaliharibika. Majina msiandike, hesabu tu. Habari za akina mama wazikusanye wajumbe wanawake, ili asitokee mtu akanyamaza kwa aibu kama nilivyonyamaza mimi. Tawi lisilo na mjumbe mwanamke lichague mmoja wiki hii.